Mihogo Ambayo Nyamvula Hakuiuliza

Shangazi yangu Nyamvula, mama yake Baya, hakununua kitu asichojua kimetoka wapi. Akifika soko la Changamwe asubuhi ya Jumamosi, kabla ya kugusa fungu huuliza, "Hii ya shamba la nani?" Akitajiwa mtu asiyemjua, huuliza jirani wa huyo mtu ni nani. Muhogo aliuvunja ncha, akaitafuna mbichi mbele ya muuzaji, ndipo akautia kikapuni. Wauzaji walimchoka, lakini mboga nzuri walimwekea yeye.

Kitu kimoja tu kilimshinda kuelewa, nacho ni jirani yake Pascalia, mke wa Phineas wa kwenye matangi ya mafuta. Pascalia alitoka bara, upande wa ziwani. Akipata muhogo, badala ya kuupika kwa tui kama watu, huumenya akauloweka siku tatu mpaka ukanuka, kisha akauanika atwange unga. Shangazi alipita mlangoni pake ameziba pua. "Mama Florence," humwambia, "kwenu mwakosa nazi au mwakosa kuni?" Pascalia hucheka tu, maana alikuwa mtu wa heshima. Shangazi hakuwa.

Basi mwaka mmoja wa vita, unga wa mahindi ulipokuwa wa kupanga foleni, Shangazi alipita sokoni mbio ili awahi nafasi. Akamkuta mwanamke mgeni ana mihogo minene, ya kupendeza. Siku hiyo hakuuliza shamba, wala hakuvunja ncha. Alichukua mafungu mawili, moja akaliacha kwa Pascalia, ambaye wanawe walikuwa wamelalia uji mwepesi, akakimbilia foleni. Adhuhuri unga ukaisha, na mbele yake bado wako watu kumi.

Alirudi nyumbani na hasira zake, akavunja ncha ya muhogo kwa mazoea, akatafuna. Ulikuwa mchungu, uchungu wa ile mihogo ipandwayo pembeni mwa shamba kuwazuia nguruwe. Kwetu kila mtoto anajua kwamba ukiichemsha hivi hivi ukala, inaua. Akatema, akasukutua. Ndipo akalikumbuka fungu la pili.

Nyamvula, ambaye kwenda kanisani hutembea kama aliyebeba mayai, alitoka mbio leso mkononi. Akaukuta mlango wa Pascalia wazi, watoto wawili wamejilaza mkekani kimya, na sufuria mekoni yatoa mvuke. Akamtikisa Florence, akamtikisa tena. Mtoto akafumbua macho, akasema ana njaa. Shangazi akafunua sufuria. Ulikuwa mchicha.

Pascalia akaingia na debe la maji kichwani.

"Shikamoo, mama Baya. Kuna nini?"

"Ile mihogo. Mumekula?"

"Tule vipi? Nimeiloweka asubuhi. Bado siku tatu."

Shangazi akakaa kizingitini akalia, kisha akacheka machozi yakiwa bado yanamtoka. Alinisimulia baadaye kwamba hajapata kufurahi hivyo maishani, hata siku aliyoolewa.

"Ni michungu, mwanangu," akasema. "Nimekuletea sumu."

"Kwetu mingi ni michungu," Pascalia akamjibu. "Ndiyo maana hatuna haraka nayo."

Alipopata nguvu alirudi sokoni kumkabili yule mgeni na kuwaonya wanunuzi wengine. Mwanamke akamtazama kwa mshangao. "Mama, wote waliokuja waliniuliza, nikawaambia ni ya kuanika, ya unga. Ni wewe tu hukuuliza."

Jioni alimenya fungu lake, akalipeleka kwa Pascalia, akalitumbukiza katika karai lile lile. Siku ya tatu harufu ilienea nyumba zote za safu yetu. Shangazi alikuwa ameinama juu ya karai, mikono imezama mpaka viwiko, akimuuliza Pascalia sasa yafuata nini, wala hakuziba pua.