Redio Iliyomnyima Paskazia Tangazo

Watu wa mstari wetu wa nyumba hapa Nyakato wanasema Paskazia alipatwa na bahati mbaya. Mimi nakataa. Bahati mbaya ni radi. Kilichompata jirani yangu kililetwa nyumbani kwake ndani ya boksi, na watu walisimama mlangoni wakakipigia makofi.

Paskazia ni Mkerewe wa Nansio, kisiwani Ukerewe. Aliletwa Mwanza na mumewe Luhende, mfanyakazi wa kiwandani, enzi zile za kupanga foleni hata kwa kipande cha sabuni. Luhende alipofariki alimwachia mtoto mmoja, Josephat, na redio ya mbao. Mtoto alisomeshwa kwa dagaa wa kukaanga. Sijaona mwanamke anayejua kubana matumizi kama yeye. Sabuni ya mche aliikata kwa uzi ili isipotee hata chembe. Mkaa ulioivisha maharage aliuzima kwa maji, akauanika, kesho yake ukachemsha chai. Ndala yake ya kushoto ilikuwa na kamba nyekundu, ya kulia bluu, na alitembea nazo bila kumwogopa mtu.

Betri nazo alizianika. Zikianza kulegea alizitoa, akazipanga kwenye ungo juu ya bati, na jua likishazichoma vizuri redio ilipata sauti ya kutosha kumalizia matangazo ya vifo na wagonjwa. Hayo hakuyakosa. Nyumba zetu hazina umeme wala simu, na ndugu wa visiwani wakitaka kumwita mtu hupeleka tangazo redioni. Akisikia jina la mtu wa kwetu, aliweka mwiko chini akaenda kumwambia. Wengi wetu tuliacha kabisa kununua betri, kwa kuwa Paskazia yupo.

Mwaka ninaousimulia alikuwa na lake la kusikilizia. Mama yake mzazi, kule Nansio, kifua kilikuwa kinambana.

"Nimewaambia wakiona anazidiwa wasihangaike na barua," aliniambia. "Watangaze tu. Nikisikia, meli inayofuata nipo ndani."

Wakati huo biashara ilikuwa imeachiwa huru na vitu vya Dubai vimejaa mjini. Josephat alipata kazi kwenye duka la vitu hivyo, akaanza kuiona redio ya mama yake kuwa aibu.

"Mama, wenzangu wakija wanadhani hili ni kabati," alisema siku moja, mimi nipo nachambua mchele.

"Ni kabati linalosema," Paskazia akamjibu. "La kwenu linasema?"

Nilidhani yameisha. Jumamosi moja, mama yake akiwa sokoni, kijana yule aliibeba redio ya mbao akampelekea fundi, ikavunjwa vipuri. Mahali pake akaweka redio ya kaseti, spika mbili kama macho ya bundi, na taa za rangi zinazorukaruka muziki ukipigwa. Hata nailoni yake hakuibandua.

"Mbona hukuniuliza?" Paskazia alisema aliporudi.

"Ningekuuliza ungekataa."

Watu wakacheka na kumsifu kijana. Mimi sikucheka. Nina watoto wanne ndani ya nyumba, na nilipowatazama niliona wakubwa wawili wanatabasamu, wanajifunza. Usiku ule nilikosa usingizi kwa sababu ya yale matabasamu.

Redio mpya ilitumia betri nane kubwa. Josephat na wenzake waliipiga kaseti, vijana wa mtaa wakaja kucheza uani, vumbi likaingia mpaka kwenye vyungu vyetu. Kabla juma halijaisha, betri zilikuwa hoi.

"Niletee betri, mwanangu," Paskazia alimwambia. "Nataka kusikiliza matangazo."

"Vumilia, mama, mshahara bado."

Mshahara bado, lakini kaseti mbili mpya alikuja nazo mfukoni. Niliziona kwa macho yangu.

Basi Paskazia akafanya alilozoea. Akazitoa zote nane, akazianika. Mchana akazirudisha na kuwasha. Taa ziliwaka, nyekundu na kijani, zikaruka mara mbili tatu. Sauti ikakwaruza kama mtu aliyekabwa koo, ikakatika.

"Mama Rebeka, njoo uone," aliniita. "Linanikonyeza lakini halisemi."

"Labda hazijapata moto."

"Jua la leo lilikuwa la mawingu. Kesho nitaziweka mapema."

Kesho yake alizianika tangu kuku wanafunguliwa. Hali ikawa ileile. Moto wa jua uliotosha redio ya mbao kwa matangazo yote, hili dude liliumaliza kwa kuwasha taa zake tu. Mtu aliyelitengeneza aliona taa ni muhimu kuliko sauti, na aliyelinunua akakubaliana naye.

Siku chache baadaye tulikuwa uani tukichagua dagaa. Akaja Bimdogo, mama anayechukua samaki Nansio na kuuza Mwanza. Alipomwona Paskazia alitua ndoo taratibu.

"Pole, dada. Sikutegemea kukukuta huku."

"Pole ya nini?"

Bimdogo alinitazama mimi kwanza. "Mama yenu tumemzika jana. Tangazo la ugonjwa lilisomwa, kisha la msiba. Walikusubiri gatini, meli ikashusha watu wote, wewe humo."

Paskazia hakupiga yowe. Aliendelea kutoa mchanga kwenye dagaa mpaka nikamshika mikono.

Nilimsindikiza Nansio. Kaka yake mkubwa, Alexander, alikuwa ameketi na wanaume mbele ya nyumba.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nasikia mjini mna redio kubwa. Inapiga muziki."

"Betri ziliisha, kaka."

Nilitaka kumweleza Alexander zile betri zilimalizwa na nani. Paskazia akanifinya mkono. Hata pale, mbele ya ukoo mzima, alikuwa anamfichia mwanawe.

"Kila meli ilipopiga honi mama aliuliza kama umefika," Alexander alisema. Sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tulimwambia bado. Alisema mtu asikulaumu, lazima kuna jambo limekushika."

Tuliporudi Mwanza, Josephat alikuwa gatini, macho mekundu. Kumbe siku zile matangazo yakisomwa alishinda dukani kati ya redio zilizojaa rafu mpaka darini, na zote zilikuwa zinapiga kaseti. Alimpokea mama yake mzigo. Ulikuwa na shuka na khanga za marehemu.

"Mama, nisamehe. Ningejua bibi amezidiwa, betri ningenunua hata kwa kukopa."

Watu walikuwa wanatupita na matenga yao ya samaki. Paskazia alisimama katikati ya njia, akamtazama kijana wake kwa utulivu kabisa.

"Ungejuaje?" akamwuliza.

Josephat aliuhamishia mzigo bega la pili. Mama yake alingoja jibu, na mimi nilingoja pia.