Chafya ya Nne ya Bi. Mwanatumu

Watu wa Langoni, Lamu, hawakuwa na haja ya kalenda kujua kuwa miembe imechanua. Walikuwa na Bi. Mwanatumu. Upepo ukivuma kutoka mashambani nyuma ya mji, yeye ndiye aliyepata habari kwanza, na aliipata kwa pua. Chafya yake ilipita ukuta wa kwanza, ikapita wa pili, ikawakuta wanaume barazani wanakunywa kahawa, nao wakatazamana: "Embe mwaka huu zitakuwa tele."

Ndivyo alivyoumbwa. Tangu utoto, maua yakifunguka tu, macho humwiva mekundu, pua ikawa mfereji, sauti ikatoka kama ya mtu aliyeingiza kichwa mtungini. Maua yakipukutika, amepona, mpaka mwaka mwingine. Hospitali walimpa vidonge mara moja. Akavimeza, akaenda kazini, usingizi ukamchukua mkono wa mwari ukiwa mapajani mwake, nusu umechorwa na nusu bado. Hakuvigusa tena. Alisema bora chafya. Chafya angalau humwacha mtu macho.

Maana kazi yake ilikuwa kuwapaka hina maarusi. Majani aliyatwanga mwenyewe, akayachekecha kwa kitambaa chepesi, akakanda kwa ndimu, kisha akachora kwa kijiti cha ukuti alichokichonga mpaka kikawa kama sindano. Alikuwa mjane, hana mtoto, hana duka wala kibao mlangoni. Alikuwa na jina. Mama akisema, "Mwanangu amechorwa na Mwanatumu," wenzake hunyamaza. Jina hilo ndilo lililomlisha, ndilo lililomfanya aitwe Bi. hata na wanawake waliomzidi umri, na alilichunga kuliko alivyochunga paa lake, ambalo mvua ililipita bila kubisha hodi.

Tena, kwetu chafya ina adabu zake. Aliyepiga husema "Alhamdulillahi", na aliyesikia humjibu "Yarhamukillahu", Mungu akurehemu. Ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo. Ikifika ya nne, deni limekwisha: huyo ni mgonjwa, huombewa shifaa, "Shafakillahu", Mungu akuponye, na kuambiwa akalale. Na asiyemshukuru Mungu baada ya chafya yake hana haki ya kujibiwa na mtu. Kila msimu wa maua Mwanatumu alikusanya rehema za mtaa mzima, na alipofika ya nne watu walicheka tu, kwani kila mtu alijua kuwa ya nne yake si ugonjwa. Ni maembe.

Ukaja mwaka wa sitini na tisa, na redio ikaanza kusema habari za mafua ya Hong Kong. Hakuna Langoni aliyejua Hong Kong iko upande gani, lakini wote tulijua sababu. Wazungu walikuwa wamekwenda kuukanyaga mwezi huko juu. Ulidhani mwezi utanyamaza? Wakaanza kufa watu wa mbali, kisha wakaanza kukohoa watu wa karibu, na katikati ya hayo miembe, ambayo haisikilizi redio, ikachanua.

Mwanatumu akapiga chafya yake ya kwanza ya mwaka pale kwa muuza samaki.

"Alhamdulillahi," akasema, akangoja.

Muuza samaki akawafunika samaki wake. Mwanamke aliyekuwa kando akavuta buibui mpaka machoni. Hapana aliyemjibu. Mwanatumu alisimama pale na kikapu chake, dua yake ikining'inia hewani kama mkono ulionyooshwa ukakosa wa kuupokea. Nyumbani alijifunza kuzizuia: aliubana ulimi kwenye kaakaa, akatia karafuu puani, akajifinya mdomo wa juu mpaka ukapata alama. Chafya iliyozuiliwa ilimtoka masikioni, au ndivyo alivyosema yeye.

Alikuwa na sababu ya kujitesa hivyo. Jirani yake Bi. Barka, ambaye nyumba yake ya ghorofa ilipakana na yake ukuta kwa ukuta, alikuwa akimwoza binti yake, na hiyo ndiyo arusi ambayo mji mzima ungekwenda kuitazama. Siku moja Bi. Barka akaja, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mwanatumu, mwenzangu, sinifite, nambie kweli. Hayo ni maua, au ni hayo ya redioni? Nyumba yangu ina mama mzee. Kama ni mengine nambie, nitafute mtu."

Nitafute mtu. Mwanatumu alijua mtu mwenyewe ni mchoraji gani mjini, na alijua kuwa mtu huyo akishamchora binti wa Bi. Barka, mabinti wengine wote wangemfuata kama kondoo.

"Ni maua, Bi. Barka. Wallahi ni maua."

Na siku ile aliyoapa, ilikuwa kweli.

Katika chumba chake cha juu Mwanatumu alikuwa amempangisha mwalimu kutoka Meru, Jerioth, msichana mrefu aliyefundisha shule ya msingi na kumwogopa kila punda wa Lamu. Wiki moja kabla ya hina, Jerioth akarudi kutoka shuleni anatetemeka kwa homa. Mwanatumu akampandishia uji wenye pilipili manga, akamkanda mgongo, akamfulia shuka. Ukarimu wake haukuwa na shaka, na huo hatuutii doa. Jerioth alikuwa akiinuka kitandani ile asubuhi ya hina, ndipo Mwanatumu alipoamka na mifupa inayouma kama imetwangwa kinuni, na ngozi ambayo hata leso iliichoma.

Maua ya miembe hayaumi mifupa. Alilijua hilo kuliko daktari yeyote. Alikuwa ameishi nayo miaka yote.

Jerioth alimkuta uani anachekecha hina.

"Bi. Mwanatumu, wewe uko na homa. Hii ni yangu, nimekupatia. Usiende kwa watu leo."

"Ni maua, Mwalimu."

"Maua gani! Mimi nimelala na hii kitu wiki mzima, naijua. Angalia mikono yako vile inatetemeka."

"Itatulia nikishika kijiti."

"Na yule shosho wa pale, mama mzee wa Bi. Barka?"

Mwanatumu alimalizia kuchekecha. Alifunga hina yake kitambaani. Mlangoni aligeuka, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nakuomba. Usimwambie mtu." Kisha akaenda, na mikono ikatulia kweli aliposhika kijiti. Hiyo ndiyo aibu ya ustadi: hufanya kazi hata mwenyewe akiwa hafai.

Chumba kilijaa wanawake, udi na nyimbo. Bibi arusi alilala juu ya mito, mikono imenyooshwa. Kando yake, juu ya kitanda cha kamba, alikaa Bi. Mize, mama yake Bi. Barka, mzee asiyeona vizuri lakini mwenye masikio ya paka. Mwanatumu aliinama, pua yake karibu iguse kiganja cha yule mwana, akachora jani, akachora ua, akachora jani. Kisha ikamjia. Ulimi haukutosha, karafuu haikutosha.

Nyimbo zikakatika. Mstari mmoja wa hina ulikuwa umeteleza mpaka kwenye kidole gumba.

"Alhamdulillahi," akasema Mwanatumu, hakumtazama mtu.

Wanawake walitazamana juu ya kichwa chake. Ndipo sauti ikatoka kitandani, nyembamba, ya furaha kabisa: "Yarhamukillahu, mwanangu!"

Ya pili ikafuata. "Yarhamukillahu!" Ya tatu. "Yarhamukillahu! Embe mwaka huu hatutazimaliza!" Wanawake wakacheka, wakapumua, nyimbo zikaanza tena. Kama bikizee amejibu, basi ni yale yale ya kila mwaka.

Ikaja ya nne.

"Haya, shafakillahu," akasema Bi. Mize, akacheka, akanyoosha mkono kwenye giza lake mpaka akampata Mwanatumu, akaushika mkono wake, akaupapasa, hakuuachia mpaka kazi ikakaribia mwisho. Mwanatumu alichora kwa mkono mmoja. Aliugeuza ule mstari ulioteleza ukawa shina la mkungu wa maua, na mpaka leo wapo wanaosema kuwa hilo ndilo shina zuri kuliko yote aliyowahi kuchora.

Bwana arusi, Ridhwani, kijana mpole aliyekuwa karani Mombasa, aliwasili siku ya pili yake, mzima kama samaki. Arusi ikawa. Akahamia nyumbani kwa mkewe kama ilivyo desturi yetu. Na hazikupita siku nyingi, nyumba nzima ya Bi. Barka ikalala: bibi arusi na hina yake mikononi, mama yake, watumishi, na Bi. Mize, ambaye mafua yalimshuka kifuani, akakaa baina ya huku na huko, wakamsomea Yasini.

Nani aliyeleta? Swali hilo halikuchukua hata muda wa kikombe cha kahawa. Ni nani aliyetoka Mombasa, kwenye bandari, kwenye meli? Nani peke yake hakuugua? Ridhwani alipopita barazani mtu mmoja akasema, "Huyoo, Hongkong!" na sote tukacheka, na ikawa imekwisha. Lamu, jina la utani ni kama hina: likishakauka, huwezi kulikwangua. Watoto walimwita Hongkong. Wenye punda walimwita Hongkong. Mama mkwe wake alipopata nafuu alimpelekea chakula chake nje ya mlango wa chumba, na Bi. Mize, kila akikohoa, alimwombea mabaya yeye na meli iliyomleta.

Mwanatumu alilala kwake mlango umefungwa. Kwa mtaa alisema amechoka na kazi za arusi. Jerioth ndiye aliyempikia uji safari hii, na hakusema neno, si kwake wala kwa mtu. Kimya cha yule msichana kilimchoma Mwanatumu kuliko homa. Alipoinuka, maua yalikuwa bado mitini na chafya zilimrudia, zile za kweli, za kila mwaka. Lakini sasa alizipiga bila kusema Alhamdulillahi. Alipiga, akafuta pua, akanyamaza. Hakutaka mtu amrehemu.

Bi. Mize hakufa. Alibaki mifupa na ulimi. Dirisha lake lilitazama ua wa Mwanatumu, na asubuhi moja, Mwanatumu akitwanga majani, alipiga chafya, akanyamaza kama alivyojizoeza.

"Sema!" ikatoka sauti dirishani. "Mwanatumu! Sema basi, nangoja!"

Akaendelea kutwanga.

"Kila siku nakusikia, kila siku nangoja. Umekuwa kafiri? Ndoo hapa, panda uje!"

Alikwenda. Alimkuta Bi. Mize ameegemea mito, mdogo kama mtoto. Mwanatumu akakaa chini, si kitini, akayasema yote: homa, mifupa, kiapo, maneno ya Mwalimu, mkono ulioshikwa na mzee. Alisema akiitazama mikeka.

Bi. Mize alijiinua mitoni. Kisha akapiga paja lake.

"Alaa! Ndiwe? Nami mwezi mzima namlaani mwana wa watu!" Akapaza sauti. "Ridhwani! We Ridhwani, ndoo!"

Lakini Ridhwani alikuwa ameshafika mlangoni, na bakuli la uji mkononi. Kumbe mle nyumbani, yeye ambaye hakuna aliyetaka kumkaribia, ndiye aliyekuwa akimlisha mzee kila asubuhi, akilaaniwa kwa kila kijiko. Alikuwa amesikia. Aliweka bakuli chini taratibu.

"Bi. Mwanatumu," akasema, "mimi sina ugomvi na wewe. Nirudishie jina langu tu."

Mwanatumu akatoka siku ile ile, buibui lake limefungwa vizuri, akaingia nyumba kwa nyumba. Alianza kwa Bi. Barka mwenyewe.

"Si mkweo. Ni mimi. Nalikuya na homa siku ya hina, na nalijua."

Bi. Barka alimtazama, macho yakamlowa, akamkumbatia. "Mwenzangu, una moyo gani! Unajitia wewe ili kumwosha huyu? Wewe uliniapia, Mwanatumu. Mimi nakujua. Yako ni maua."

Nyumba ya pili wakacheka. "Ai, maskini! Bi. Barka amekutuma umsafishe mkwewe?" Nyumba ya tatu wakamwonea huruma, wakamtilia chai. "Wewe kila mwaka ni maua. Kwani sisi hatukujui?" Bi. Mize naye alipomshuhudia, walisema homa imempanda kichwani. Kadiri alivyoapa ndivyo jina lake lilivyozidi kung'ara, na ilipofika Magharibi mtaa mzima ulikuwa ukimsifu kwa wema wa kujitwika dhambi ya mwenziwe. Barazani, wanaume walitikisa vichwa. Mwanamke ni yule, wakasema. Na Hongkong ana bahati ya jirani.

Maarusi walizidi. Alitakiwa mpaka kijiji cha Matondoni. Siku moja, embe zimekwisha kuiva na kujaa sokoni, alikuwa amemshika mkono binti wa watu karibu na dirisha la barabarani. Chini, mwenye punda alikuwa akipiga kelele: "Hongkong! We Hongkong, pisha ndia!" na sauti ya upole ikajibu, "Haya, pita, bwana."

Kijiti kikasimama. Tone la maji likaanguka kiganjani mwa yule binti, karibu na ua lililokuwa halijakauka.

"Maskini, Bi. Mwanatumu," akasema binti. "Ni yale maua yako?"

Mwanatumu alilifuta lile tone kwa ncha ya leso, akarudia kuchora.