Kidole cha Mkamburi na Mpaka wa Bura

Saa tatu asubuhi, nyuma ya soko la Voi, Mkamburi anafuta viganja kwenye sketi kabla ya kugusa laptopu. Feni inazunguka. Jasho hili si la joto.

Mkamburi, 34, huchora ramani za mashamba katika ofisi ya mpimaji mmoja. Laptopu yake kuukuu ina kitufe kimoja tu chini ya kibao cha kugusa, ilhali programu ya ramani inadai vitatu: cha kushika mstari, cha kufungua orodha ya amri na cha kusogeza karatasi kwenye skrini. Kuchomeka kipanya hakuwezekani. Matundu ya laptopu yaliungua siku stima iliporudi kwa kishindo, na laptopu nyingine ingemeza mshahara wa miezi minne.

Basi akaifundisha mashine. Akishikilia kibonye cha Kontroli kwenye kibodi na kubofya, kitufe kilekile kinakuwa cha pili. Akishikilia kile cha Opsheni, kinakuwa cha tatu.

"Ukiachilia mapema, kinarudi kuwa cha kwanza," anasema. "Na hakikwambii."

Mwezi jana hakikumwambia. Alikuwa akisogeza karatasi ya shamba moja la Bura, kidole kikateleza kwenye Opsheni, na badala ya karatasi kusogea, ukasogea mpaka. Mita nne tu. Ramani ikachapishwa, ikapanda mlimani hadi Bura, na jirani wa shamba hilo, Thadeus, akaanza kuchimba mashimo ya nguzo.

Lo, mita nne zenyewe! Ndani yake kuna pango ambamo Wadawida, yaani Wataita, wa zamani waliweka mafuvu ya wazee wao. Hapo hakulimwi wala hakuokotwi kuni. Mwenye shamba, Wakio, ana miaka 79. Aliteremka Voi na ramani ile mkononi.

"Babu yangu yumo pale," alimwambia Mkamburi. "Umempa mtu mwingine."

Thadeus amekubali kungoja ramani mpya hadi kesho, Ijumaa. Baada ya hapo atasimamisha nguzo. Mkamburi hafichi kwamba anaogopa, maana naye ni Mdawida. Mama yake amemkataza kulitaja pango hilo nyumbani.

Leo Wakio ameketi kando yake. Mpaka umesharudishwa, imebaki kusogeza karatasi hadi pangoni, ahakikishe. Mara tatu Mkamburi anagusa Opsheni, mara tatu anaondoa mkono. Mwishowe anachukua kidole cha Wakio na kukiweka pale.

"Nishikie hapa, nyanya. Usiachilie hadi nikwambie."

Wakio, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, anabonyeza hadi ukucha unageuka mweupe. Karatasi inasogea. Mpaka unatulia. Mkamburi anapima mara mbili, anahifadhi, anachapisha.

Familia kumi na mbili za Bura bado zinangoja ramani. Tumaini la Mkamburi ni kupata mashine ya vitufe vitatu kabla ya kuzianza. "Sitaki kubahatisha na babu wa mtu tena," anasema.

Ramani imetoka, bado ina joto. Anamwambia Wakio aachilie sasa.

Wakio haachilii. Anataka kwanza aonyeshwe pango lilipo kwenye ramani.