Hoteli Niliyoichora Nyuma ya Kalenda

Miaka ile sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya kuombana, na dizeli ya jenereta ilikuja siku iliyopenda yenyewe. Nilikuwa mtunza stoo wa hoteli ndogo ya Musoma, vyumba kumi na vinne vinavyotazama ziwa. Hita za bafuni zilikuwa zimebaki mapambo. Maji ya kuoga tuliyachemsha uani kwenye mapipa mawili, kwa kuni zilizoletwa na lori kutoka upande wa Butiama.

Kila nilipokwenda huko kumsalimu shangazi niliona vilima vinazidi kuota upara. Habari za hewa ukaa sikuwa nimezisikia. Nilijua tu kwamba ile miti iliishia kwenye mapipa yetu, na roho iliniuma.

Ndipo nikaanza kupima. Nyuma ya kalenda kuukuu niliichora hoteli nzima: kila chumba na ndoo zake za maji moto, jiko na mizigo yake ya kuni. Nilitaka kabla wageni hawajafika niweze kusema tutachoma kuni kiasi gani, na zinapotelea wapi.

Mpishi wetu, mama wa Manyamanyama kule Bunda, aliniona nikihesabu ndoo.

"Binti, mimi napikaga hapa tangu ukiwa mdogo. Kuni hazipimwagi kwa peni."

"Mama, nipe wiki tatu tu."

Wiki ya kwanza nilikosea vibaya. Nilikuwa nimesahau shuka, ambazo kwa kukosa sabuni tulizichemsha na majivu. Nikaongeza dobi. Kufikia wiki ya tatu, karatasi na rundo la kuni vilikuwa vinakaribia kusema kitu kimoja, na mpishi mwenyewe akawa ananiuliza asubuhi, "Leo inasemaje?"

Siku moja karatasi ilisema jambo lililonitia hofu. Chumba kilichokula kuni kuliko vyote hakikuwa cha mgeni. Kilikuwa cha meneja, aliyeishi palepale hotelini. Alioga maji moto asubuhi, mchana na jioni, na kwa ajili yake pipa moja lilishinda motoni kutwa.

"Nikifute?" nilimuuliza mpishi.

"Ukikifuta, hiyo itakuwa hoteli ya watu wengine. Mpelekee."

Nikampelekea. Alikuwa mtu mpole, miwani yake imeungwa kwa waya. Alifuata vyumba kwa kidole, akasimama.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha kwako, bosi."

Alivua miwani, akainama. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani nimefukuzwa kazi, kumbe anacheka.

"Mimi nimekulia kijiji cha ufukweni," alisema. "Ujana wote nimeogea ziwani. Hivi nimezeeka lini?"

Kesho yake mchana alipita mbele yetu, taulo begani, akielekea ziwani. Aliporudi aliuliza karatasi inasema nini kingine. Nikamwambia upepo wa ziwa unayapoza mapipa. Tukayakandika kwa udongo na samadi, kama tunavyokandika nyumba kwetu. Mpishi alikunja kanga, akakanda udongo kwa miguu huku akiimba.

Wiki hiyohiyo ikaja kwaya ya watu ishirini na wanane, na lori la kuni likakwama Bunda kwa kukosa mafuta. Meneja akaniuliza mbele ya wote kuni zitatufikisha lini. Nilikaa na kalenda yangu jikoni, nikajumlisha ndoo za kwaya nzima.

"Jumapili jioni," nikasema.

"Ijumaa," akasema mpishi. "Hazivukagi hapo."

Jumamosi ikanyesha, kuni zikalowa, zikawa zinatoa moshi tu. Hilo sikuwa nimelichora popote. Hata hivyo zilitufikisha Jumapili mchana, wanakwaya wote wameoga, wamekula, wamekwenda zao. Lori liliingia uani jioni.

Mpishi aliniwekea ugali na sato wa kukaanga, mkubwa kuliko wa meneja, kisha akakaa mbele yangu.

"Umekosea," alisema.

"Kidogo, mama."

"Kidogo kuliko mimi." Akanisogezea kachumbari. "Kesho tuanze na maharage. Nataka nijue yananiliaga kuni kiasi gani."

"Basi uyaloweke leo," nikamwambia, "tuone tofauti."

Aliinuka kwenda kutafuta sufuria.