Ini la Baba na Mahindi Niliyokoboa

Watu wa kwetu wakiona tumbo limevimba na macho yamegeuka manjano hawaulizi swali la pili. Hiyo ni pombe. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa hapa Migwani tangu nikiwa msichana, na sijawahi kumwona akionja hata kaluvu, ile pombe yetu ya asali, wala kwenye harusi za ndugu zake. Lakini tumbo lilipoanza kusukuma vifungo vya shati, wale wale aliokuwa akiwaombea wakaanza kumsogelea akiongea, wakinusa.

Mimi nilijua ni nini. Nalisema hapa kwa sababu kule nilikopaswa kulisema nilishindwa.

Kabla ya kurudi kwa baba niliishi Kiboko kwa mume wangu, nikifanya kibarua cha kuchambua mahindi ya mbegu. Tulikaa kwenye vigoda siku nzima, punje nzuri huku, mbaya kule, na msimamizi hakuchoka kutuambia kwamba ile yenye kuvu la kijani ina sumu, kwamba kuiosha hakuitoi na kuichemsha hakuiui. Niliyasikia maneno hayo mpaka yakaniudhi. Ndoa ilipokwisha nikarudi Migwani na akili zangu zote, na msimu wa kwanza tu mvua ikatukuta tukivuna. Kwa kuogopa wezi tuliyaingiza mahindi ndani yakiwa na maji, tukayarundika kwenye sakafu ya chumba changu. Nilipokuja kuyafunua yalikuwa na joto, na vumbi la kijani juu yake, na harufu ya nguo iliyokunjwa kabla haijakauka.

Mtu wa mahali penye mvua atasema ungeyatupa. Kwetu mahindi hayatupwi. Kabla sijarudi, baba alikuwa amekaa misimu miwili bila kuvuna kitu, na mwanamke anayemwaga mahindi shimoni huongelewa mpaka Kwa Vonza, mbali huko. Tuna njia yetu ya kuyaokoa. Unayatwanga kwenye kinu na maji kidogo, ganda linatoka na vumbi lake, unapepeta, na kinachobaki ni cheupe hata unajisifu. Hiyo ndiyo muthokoi, unaichemsha na mbaazi na mzee wako anashiba. Basi mahindi mazuri nikayapeleka kusagwa, mabaya nikayakoboa. Na kwa vile vidonda vyangu vya tumbo havipatani na muthokoi, mimi nilikula ugali na baba akala muthokoi. Msimu huo, na uliofuata, na mwingine tena, maana kila mara mengine yaliota kuvu. Kila nilipokoboa nilijiambia, si unaona ni nyeupe?

Daktari aliyetupokea hospitalini alikuwa binti mdogo mwenye subira. Alisema damu haionyeshi virusi vya ini. Akauliza kama mzee anakunywa. Kaka yangu, aliyetupeleka, akatazama ukuta. Kisha daktari akauliza kama kuna wakati tumekula mahindi yenye kuvu, na hapo nikajibu kabla hajamaliza, "Hapana daktari. Mahindi yetu ni safi."

Aliandika hapana. Nilimwona akiandika.

Bado alitueleza, akichora nyuma ya fomu. Ini ndilo linalosafisha sumu, alisema, na katika kusafisha huko huzaliwa oksijeni kali inayokula kila inachogusa, kama kutu inavyokula bati. Mwili una akiba yake ya kuizima. Lakini sumu ikija kila siku, akiba inaisha na kutu inabaki. Akachora duara, akasema hii ni seli, na kwenye ngozi yake kuna milango midogo sana ya chumvi za mwili, huu wa sodiamu, huu wa potasiamu, huu wa kalsiamu, inafunguka na kufungwa kwa zamu. Kutu ikifika pale, mlango unaweza kukwama wazi. Kalsiamu inaingia bila kipimo, seli inakufa, na zikifa nyingi panabaki kovu. Makovu yakijaa, damu inakosa pa kupita na maji yanavuja tumboni. Kwa baba, alisema kwa sauti ya chini, juu ya makovu kulikuwa tayari na uvimbe wa saratani, na haukuwa tena wa kukatwa.

Nilielewa vizuri kuliko nilivyotaka. Kila siku, alisema. Nilirudi nyumbani na maneno hayo mawili, nikawasha moto, nikampikia ugali, na mboga bila chumvi kama daktari alivyoagiza.

Kusema, ningesema vipi? Mwanamke aliyerudi kutoka kwa mume, anayempikia baba yake peke yake, kwenye shamba ambalo halijagawanywa, afungue mdomo aseme amemlisha mzee sumu. Kufika sokoni habari hiyo ingekuwa na uchawi ndani yake. Nikinyamaza, baba ni mlevi. Nilizunguka katikati ya mambo hayo mawili kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti, na kamba ikazidi kuwa fupi.

Wazee wa kanisa walikuja watatu, siku ya Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Niliwapa chai. Baba alikuwa ameketi kitandani, miguu imevimba haiingii kiatuni.

"Mzee wetu," mkubwa wao akaanza, "sisi hatukuja kukuhukumu. Tunataka urudi kwa meza ya Bwana ukiwa safi. Lakini hiyo tumbo inaongea yenyewe."

"Inasema nini?" baba akauliza.

"Wewe ndio unajua."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika. Nilisema moyoni, sasa. Sema sasa. Baba akaniangalia, kisha akawageukia.

"Nilikuwa nakunywa," akasema. "Kaluvu. Kwa siri, hapa hapa kwa nyumba."

Wazee wakashusha pumzi. Mmoja akasema asifiwe Bwana. Yule mkubwa akanigeukia mimi.

"Na wewe mama, ulikuwa unajua?"

Baba hakunitazama. Alikuwa akikunja ncha ya blanketi.

"Nilijua," nikasema.

Wakamwombea, wakamwekea mikono, wakaondoka wameridhika. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Nilikuwa nalia, na pia nilikuwa nimemkasirikia kiasi cha kutaka kumtikisa, maana alikuwa amenifungia mlango na ufunguo anaenda nao.

"Baba, kwa nini?"

"Mwiitu wakwa," akasema, binti yangu, "mimi naenda. Wewe ndio unabaki na hawa watu."

"Ulikuwa unajua ile mahindi?"

"Mimi si kipofu. Si ilikuwa kwa nyumba yangu?" Akavuta blanketi juu ya miguu. "Tulikuwa na njaa. Hiyo maneno isitoke hapa."

Haikutoka. Alikufa kabla ya mvua, na mhubiri akamtumia kuwaonya vijana, mtumishi wa Mungu aliyeshindwa na chupa, kisha akatubu. Nilikaa kiti cha mbele na kitambaa changu cheusi, na kila aliyenipa mkono alinipa pole ya aina mbili, moja ya kufiwa na nyingine ya kuishi na mlevi. Zote nilizipokea. Siku hizi mahindi yangu nayakausha kwenye turubai mpaka yanalia yakimwagwa, na majirani wanadhani ni majonzi yamenifanya niwe na mambo mengi.

Mwezi uliopita mama mmoja wa kanisani aliniletea mumewe, ambaye kweli anakunywa, nimweleze pombe ilivyommaliza baba. Nilimkalisha, nikamweleza yote, ini, maji, macho. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akauliza, kwa heshima kabisa, mzee alianza kunywa lini.

Nikafikiri kidogo, nikamtajia mwaka.