Conservateur wa Ngagara

Nilimtukana baba yangu mara moja tu maishani, na tusi lenyewe lilikuwa la Kifaransa. Ilikuwa mchana, tumeketi mezani kwetu katika mtaa wa Ngagara, ugali na ndagala, dagaa wa kwetu, mbele yetu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mwanafunzi wa chuo kikuu, na vita vilikuwa vimeingia mwaka wa pili. Nilikuwa nimetoka kwenye mjadala wa wanafunzi, kichwa kimejaa. Nikatangaza kwamba kila kitu cha zamani lazima kipinduliwe: vyama, sheria, ofisi, hata adabu za mezani. Baba alimaliza kutafuna kwanza, kisha akaniuliza, "Na mukisha kupindua, nani atapanga tena?" Mimi nikikosa jibu hutafuta tusi.

"Baba, shida yako, we uko conservateur!"

Mama aliacha mkono hewani. Baba akajifuta mdomo kwa leso yake iliyopigwa pasi.

"Apana, mutoto wangu," akasema bila hasira hata kidogo. "Conservateur ni bosi. Mi niko karani tu."

Mama alicheka mpaka akalazimika kwenda uani. Inabidi nieleze. Baba alikuwa karani katika ofisi inayotunza hati za viwanja, na mkubwa wa ofisi ile huitwa kwa Kifaransa conservateur, yaani mtunzaji. Mimi nilikusudia mtu anayeogopa mabadiliko, yeye akasikia cheo, na kwa uaminifu wake akaona asipokee cheo kisicho chake. Tangu siku ile mama alimwita Conservateur kila alipotaka kumchokoza. Majirani wakalidaka jina, na kabla ya mwezi kwisha mtaa ulikuwa umempandisha cheo ambacho serikali haikuwahi kumpa.

Lakini mimi sikucheka. Nilimwonea aibu baba yangu, nasema ukweli. Alipigia kura chama kile kile miaka yote. Siku ambazo vijana waliziba barabara kwa mawe na mji mzima ukafungwa, yeye alipita vichochoroni na jalada lake kwapani, akaenda kukaa ofisini peke yake. Nikimuuliza alichofanya huko, alijibu, "Nimeangalia kama hati ziko." Wanasiasa wapya hakuwapenda, na wa zamani pia hakuwapenda. Alichopenda ni kukuta kitu pale alipokiacha. Nilidhani huo ni woga, na nilimhesabu baba pamoja na watu wote walioichelewesha nchi.

Jirani yetu wa upande wa kulia alikuwa mwalimu wa hesabu. Tulitenganishwa na ua wa miti uliokatwa usawa wa kifua, na juu ya ua ule mama na mke wa mwalimu walikuwa wamepitishana chumvi, viberiti na watoto wachanga kwa miaka mingi. Walikuwa wa kabila jingine, si letu, na mwaka ule watu wa kabila lao hawakutakiwa tena Ngagara, kama sisi tusivyotakiwa mitaa mingine. Asubuhi moja walitoka na mifuko miwili tu, wamevaa kama waendao harusini, wakaelekea Uvira, ng'ambo ya mpaka. Mwalimu alimpa baba ufunguo juu ya ua.

"Utuwekee," alisema.

"Nitaweka," akasema baba.

Siku hiyo hiyo baba aliingia nyumba ile na karatasi mbili na kaboni katikati, akaandika kila kilichokuwemo, hadi idadi ya glasi. Ufunguo akautundika kwenye msumari sebuleni kwetu. Kila Jumamosi asubuhi aliuchukua, akaenda kufungua madirisha, kufagia na kupangusa vumbi, kisha akafunga na kurudi. Mimi niliona ni upuuzi mtupu kufagia nyumba ambayo hakuna mtu wa kuichafua.

Miezi michache baadaye mama alirudi kutoka kanisani na habari ya mwanamke mmoja aliyekimbia vita katika vilima vya juu ya Musaga. Alikuwa analala kwenye baraza ya kanisa na watoto watatu. Nikaona hapo ndipo mawazo yangu yatapata kazi. Hapa nyumba haina watu, pale watu hawana nyumba: kulikuwa na kufikiri gani tena? Siku ya pili, mchana, niliuchomoa ufunguo msumarini, nikamleta mwanamke yule na wanawe hadi kwenye mlango wa mwalimu. Ufunguo ulikuwa umeshaingia kwenye kitasa baba alipofika kwa ajili ya chakula.

"Unafungua nyumba ya nani?"

"Ya mtu ambaye hayuko, baba. Hawa wako." Nilijisifu moyoni kwa maneno yale.

"Mwenyewe alikuambia ufungue?"

"Baba, hawa watoto wanalala chini!"

Akawatazama watoto. Mdogo alikuwa amevaa kiatu kimoja. Baba akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, na mimi nikajua sasa atawafukuza. Nilikuwa tayari kumchukia.

"Mama, karibu kwetu," akamwambia yule mwanamke. Kisha akanigeukia. "Ile nyumba haiko yangu. Hii iko yangu, hii naweza kuitoa."

Akawapa chumba changu. Mimi nikahamia chumbani kwa mama, na baba akahamia kwenye kochi la sebuleni, ambalo lilimwacha miguu nje kuanzia magotini. Alilala hapo miezi minane, na sikumsikia akilalamika. Mimi, mpinduzi, nilinung'unika wiki nzima kwa sababu nguo zangu zilikosa kabati.

Haikupita hata miezi miwili, vijana wakaja. Wote tuliwajua, walikuwa wa mtaa wetu, watatu, na kila mtu alijua walichokuwa wamefanya kwenye nyumba nyingine. Ilikuwa Jumamosi, na baba alikuwa kwenye baraza ya mwalimu na ufagio mkononi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia letu.

"Mzee, leta ufunguo," akasema mkubwa wao. "Hiyo nyumba sasa iko yetu."

"Iko na mwenyewe."

"Mwenyewe ni adui."

"Sikusema ni rafiki. Nimesema iko na mwenyewe." Baba aliuegemeza ufagio ukutani taratibu. "We, parcelle ya baba yako, kiwanja chenu, karatasi yake niliandika mi mwenyewe. Baba yako amekufa. Mutu akikuja kesho kusema ile parcelle ni yake, watakuja kuniuliza mi. Sasa uniambie: nikisahau ya mwalimu leo, ya kwenu nitaikumbuka namna gani?"

Yule kijana alimtazama baba, akatazama mlango, akatema mate chini. Wakaondoka. Baba akasubiri wapite kona, akafagia na yale mate.

Nilitoka nje nikakuta mama ameketi jikoni na ungo wa maharage, hachambui, ameushika tu. Na yeye alikuwa ameona yote. Nikamwambia baba ana wazimu, wangemuua kwa ajili ya viti vya mtu. Hapo ndipo mama aliponieleza jambo ambalo baba mwenyewe hakuwahi kulitaja. Alipokuwa mtoto, katika machafuko ya zamani, wazazi wake walikimbia na kujificha wiki kadhaa. Walirudi wakakuta watu ndani ya nyumba yao. Mama yake alisimama mlangoni akamwona mwanamke mwingine anakula katika sahani yake, sahani ya maua ya buluu aliyopewa siku ya ndoa. Yule mwanamke hakuwa mbaya. Aliwakaribisha chakula, katika sahani ile ile. Nyumba haikurudi kamwe, na hakuna aliyewahi kuwauliza lolote wala kuwapa karatasi.

"Kila mutu akisema kubadilisha," mama aliniambia, "baba yako anaona ile sahani."

Nilistaajabu. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na moja, nimekula mkate wake, nimesoma kwa jasho lake, na sikujua. Nilidhani wasiotaka mabadiliko ni wale walioshiba, au waoga, au wasiosoma. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kushikilia mambo ya zamani kwa sababu mabadiliko yaliwahi kumwacha nje ya mlango wa kwao. Sikugeuka kuwa yeye. Hadi leo kura zetu hazingelingana, na bado naamini yako mambo mengi ya kupindua. Lakini tangu siku ile nikisikia mtu anaitwa conservateur kwa dharau, nasikia kwanza sauti ya ufagio.

Mwalimu alirudi baada ya miaka karibu tisa, silaha zilipoanza kunyamaza. Alikuja peke yake, mvi kichwa kizima, amesimama kwenye ua kama mgeni. Baba, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu, aliingia chumbani akavaa koti. Akachukua ufunguo na zile karatasi mbili. Tukaingia nyumba ile watatu, na baba akasoma orodha yote, kitu kwa kitu, huku mwalimu akijibu "kipo" kwa sauti inayozidi kufifia. Walipofika kwenye glasi, baba akakohoa.

"Glasi sita. Zimebaki tano. Moja nilivunja mi mwenyewe nikipangusa. Nilitafuta ya kufanana nayo mu maduka ya Asiatique, sikupata. Nimeweka nyingine, lakini haifanani. Unisamehe."

Mwalimu aliketi kwenye kiti chake mwenyewe akalia waziwazi. Baba alimsubiri amalize, kisha akampa kalamu atie sahihi kwamba amepokea.

Alipotia sahihi alitueleza. Mke wake hataki tena kusikia habari za mji huu. Watoto wanasoma mbali. Amekuja kuuza, mnunuzi ameshapatikana, na wiki ijayo ataondoka.

Nilijizuia mpaka tulipofika kwenye lango letu.

"Miaka tisa, baba! Umefagia miaka tisa, wangekuua kwa ajili yake, na yeye anauza!"

Baba alisimama. Nilidhani nimemwumiza, nikajuta. Lakini uso wake ulikuwa uso ambao sikuwahi kuuona kwake, macho yamelowa, anatabasamu kama mtu aliyepokea kitu mkononi.

"Anauza," akasema. "Umesikia? Anauza yeye mwenyewe."