Gari Mwisho Hapa

Nyumba ile niliijenga mwenyewe. Shule niliishia darasa la nne, lakini kitu nikikitazama mara mbili nimeshakijua, na Morogoro nzima ni shahidi. Zilipoingia enzi za ruksa, mitumba ikaruhusiwa na magari chakavu ya nje yakaanza kushushwa bandarini, wenzangu kiwandani walibaki wakibishana kama ni kweli. Mimi niliacha kazi, nikanunua pikapu, nikaanza kuuza nguo Mkuyuni, Gairo, popote penye gulio. Na kwa kuwa sikutaka kuliwa na kunguni wa gesti, nilijenga kibanda cha mbao nyuma ya pikapu: kitanda, godoro la sponji, dirisha la kioo, ndoano ya kutundikia taa. Juu nikakifunika turubai la kijani lisilopitisha tone. Wazungu niliopishana nao barabara ya Dodoma walisimama wakapiga picha. Hakuna fundi aliyenifundisha.

Mke wangu alikuwa mtu wa huko juu, milimani Uluguru. Mimi ni Mnyamwezi, mtani wao wa jadi, kwa hiyo ndoa yetu ilianza kwa utani na utani haukutoka. Kisha akaugua. Ugonjwa ulimshika kwenye mifupa ya kiuno, na hospitali wakafika mahali wakatuambia turudi nyumbani. Akaniomba jambo moja tu: alale mahali ambapo akiamka ataona kilima cha kwao na migomba ya mama yake.

Kufika kwenyewe hakukuwezekana. Njia ni ya miguu, unaporomoka hadi mtoni kisha unapanda. Lakini ng'ambo ya bonde, pale barabara inapoishia, kijiji kilikuwa kimetenga uwanja wa kambi kwa ajili ya watalii waliokuwa wameanza kuja. Kutoka uwanjani kilima chao kinaonekana chote, asubuhi, kabla ya mawingu.

"Mama watoto," nikamwambia, "hiyo nayo ni kazi? Nyumba ninayo, na ina magurudumu."

Tulifika alasiri. Mlinzi wa kambi, mtu wa rika langu, alikuwa ameweka mwanzi mrefu kukinga njia, na pembeni kibao kimeandikwa: MAHEMA TU. GARI MWISHO HAPA.

"Unatokea wapi?" akaniuliza.

"Nakaa Morogoro mjini. Kwetu Tabora."

Uso ukamfunguka. "Mnyamwezi! Basi mtani wangu. Ninyi ni wapagazi tangu zamani, sasa hata nyumba umeibeba?"

"Afadhali mimi ninayebeba nyumba. Ninyi mnalima mmejifunga kamba msiporomoke. Toa mwanzi huo, nina mgonjwa ndani."

Akaacha kucheka. Akazunguka nyuma, akachungulia dirishani. "Pole, dada," akasema, wakazungumza Kiluguru kidogo. Aliporudi, mwanzi hakuugusa.

"Mtani, gari haliingii."

"Hili si gari, ni hema. Turubai hulioni?"

"Hema lenye matairi?"

"Nchi nzima ruksa, wewe peke yako ndiye unayekataza?"

"Ruksa ni huko kwenu mjini. Njoo uone."

Akanipeleka ukingoni mwa uwanja. Gari la wageni liliwahi kupanda majanini baada ya mvua. Ukingo ukakatika, udongo ukashuka mpaka kwenye kijito wanachochota maji. Kovu lilikuwa bado jekundu. "Watu tulikunywa tope," akasema tukirudi kwenye gari. "Nikikuruhusu wewe, kesho nitamkatalia nani? Hema la kukodi lipo. Nitamtandikia majani mwenyewe."

Mke wangu akajibu kutoka ndani ya kibanda: "Mkinilaza chini, kuniinua mtatafuta winchi!"

Tukacheka sote watatu. Lakini ilikuwa kweli. Hata kitandani nilikuwa namgeuza kwa shuka. Mimi nimebishana na matrafiki wa barabara nzima ya Dodoma nikapita. Pale sikupita. Tulilala chini ya kibao, kwenye mianzi, mahali ambapo kilima hakionekani.

Asubuhi mlinzi alikuja na nduguye wamebeba kiti cha mikono. Wakamkalisha, wakampandisha taratibu hadi katikati ya uwanja, mimi nikiwa nyuma nimeushika mgongo wake. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Hata mti wa karibu hukuuona. Tukangoja. Chai ikapoa. Ukungu haukuondoka.

Mke wangu akanyoosha kidole kwenye ule weupe. "Pale," akasema. "Nyuma ya hilo." Kisha akanitazama. "Safari nyingine tuje na hema, baba watoto."

"Nitalishona mwenyewe," nikasema. "Kubwa kuliko la wazungu." Na ningelishona. Nilishaona kichwani jinsi ya kulikata.

Tulirudi kambini kwa gari lilelile. Nilikuwa nimeng'oa kitanda ili jeneza liingie kibandani. Waluguru mtu wao humzika kwao, na sikubishana. Mtani alikuwa amesimama njiani, mwanzi umekingwa, waombolezaji wote wamesimama nyuma yangu.

"Mpagazi!" akapaza sauti. "Umekuja tena na nyumba yako? Kibao hukukisoma? Au shuleni hamkufika kwenye herufi hizi?"

Watu wakacheka, kama inavyotakiwa mtani akija msibani. Ilikuwa zamu yangu kujibu. Maisha yangu yote sijawahi kukosa jibu. Nilizunguka nyuma, nikafungua mlango wa kibanda.

Akangoja. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi shusha. Ubebe begani, kama babu zako." Akautupa mwanzi, akashika jeneza upande wa mbele, mimi nikashika wa pili, tukapita kibao kwa miguu.

Vijana wa kijiji walikuwa wameshafungua turubai langu kwenye gari. Wakalisimika uwanjani kwa miti minne, akina mama wakae kivulini, na jeneza likawekwa chini yake, juu ya majani, kungoja ndugu zake wa ng'ambo ya bonde waje kulipokea.

"Hema," akasema mtani, akilikaza kamba. "Hema ni ruksa."

Siku hiyo hapakuwa na wingu. Kilima kilisimama chote mbele yangu, mara yangu ya kwanza kukiona kutoka pale. Nikatafuta migomba ya mama yake. Ilikuwa migomba upande mzima, kutoka mtoni hadi juu, na aliyejua ni ipi alikuwa amelala nyuma yangu.